Fulu fremu au kropu? Jinsi ya kuchagua kamera ukiwa Dodoma

Kijana mmoja wa Mpunguzi alinifuata mwezi uliopita akiwa na fedha za zabibu. Ameuza vizuri, ameweka kando za shamba na ada ya mdogo wake, na kilichobaki anataka kukigeuza kamera. "Kaka," akaniuliza, "kila mtu ananiambia nichukue fulu fremu, nisipoteze hela kwenye kropu. Wewe unasemaje?" Nikamuuliza atapiga picha za nini, wapi, na saa ngapi. Akanyamaza. Sikumlaumu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Wote walimuuliza ana shilingi ngapi.

Nayaandika haya kwa ajili yake na kwa wengine waliokwama hapo hapo. Ninazo kamera za aina zote mbili, zote zinaniingizia riziki, na kila moja imewahi kuniangusha mahali ambapo nyingine ingenivusha.

Tofauti yenyewe

Ndani ya kamera, nyuma ya lenzi, kuna kipande kinachopokea mwanga. Mafundi wanakiita sensa, na hapa haihusiani na kuhesabu watu. Sensa ya fulu fremu ina milimita 36 kwa 24, kipimo kilichorithiwa kutoka kwenye filamu ya milimita 35. Ya kropu ni ndogo: kwa Nikon, Sony na Fujifilm ni kama milimita 23.5 kwa 15.6, na kwa Canon ni ndogo zaidi kidogo, karibu 22.3 kwa 14.9. Ukipiga hesabu ya eneo, fulu fremu ni kubwa kuliko kropu ya Canon mara 2.6 hivi.

Tofauti ni hiyo tu, na yote utakayosikia vijiweni yanatokana nayo. Megapikseli ni habari nyingine kabisa. Canon walitangaza EOS R50 na EOS R8 pamoja, Februari 2023. Ya kwanza ni kropu, ya pili fulu fremu, na zote zina megapikseli 24. Zinatumia betri ya aina moja, zinavaa lenzi za RF (lenzi za Canon za mdomo wa aina hiyo), kila moja ina nafasi moja ya kadi, na hakuna yenye kitulizi cha mtikisiko ndani ya bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Nitazitumia hizi mbili kama mfano kwa sababu zinafanana kiasi kwamba kinachobaki kupimwa ni ukubwa wa sensa. Milimita za lenzi zikiwa nyingi unaona mbali, zikiwa chache unaona kwa upana; na ili ujue lenzi kwenye kropu ya Canon inaona kama ipi ya fulu fremu, zidisha milimita zake kwa 1.6. Mwenye Nikon au Sony atumie hesabu hizo hizo, ila pale ninaposema 1.6 yeye aweke 1.5.

Utakachopima kabla ya kufungua pochi

Kuna mambo matano. Kamera inafanyaje mwanga unapokuwa hafifu? Inafanyaje kwenye jua letu? Itakufikisha mbali kiasi gani, na itakupa upana gani ukiwa umebanwa? Inafifishaje kilicho nyuma ya mtu? Na mzigo wote, wa kilo na wa shilingi, utaumudu? Mtu mmoja hahitaji yote matano kwa uzito sawa. Anayepiga send-off kila Jumamosi usiku na anayepiga ndege Bwawa la Hombolo asubuhi wanaishi mji mmoja, lakini maswali yao ni mawili tofauti.

Mwanga hafifu: kumbi, kanisa, usiku

Hapa ndipo fulu fremu inapojipatia sifa, na inazistahili. Chenga zile unazoziona kwenye picha ya usiku, hasa kwenye ngozi na kwenye suti nyeusi, zinakuja kwa sababu mwanga ulioingia ni kidogo. Sensa kubwa inakinga mwanga mwingi zaidi, kama sufuria pana inavyokinga maji ya mvua kuliko kikombe. Kwa tundu lile lile la lenzi (huandikwa f/, na namba ikiwa ndogo tundu ni pana) na kasi ile ile ya shata, pazia linalofunguka kupitisha mwanga, picha ya fulu fremu kwenye ISO 6400 huwa na chenga kama za kropu kwenye ISO 2500. ISO ni kiwango ambacho kamera inaongeza mwangaza wa picha.

Ukiingia kwenye kumbi zetu utaelewa maana yake. Mshereheshaji anazima taa kubwa maharusi waingie, zinabaki taa za zambarau na bluu za mpamba ukumbi, na watu wanacheza, kwa hiyo huwezi kushuka chini ya 1/125 ya sekunde bila picha kutikisika. Ukiwa na zumu ya f/2.8, ISO itapanda tu. Mwenye fulu fremu anaondoka na picha inayokubali kukuzwa hadi ukutani. Mwenye kropu yenye zumu hiyo hiyo anaondoka na picha nzuri ya albamu na simu, ila akiikuza sana, uso unaanza kuwa kama mchanga.

Lakini kuna mtego, na umewala wengi. Mtu anajibana, ananunua bodi ya fulu fremu, fedha inaishia hapo, anabaki na lenzi iliyokuja nayo kwenye boksi. Lenzi ya kuanzia ya R8 ni ya milimita 24 hadi 50, na ukifika 50 tundu lake ni f/6.3. Sasa chukua R50 ndogo uivalishe lenzi ya milimita 35 ya f/1.8. Upana wa picha unakaribia kuwa sawa, maana 35 mara 1.6 ni 56. Lakini sensa ya yule mwenye kropu inapokea mwanga karibu mara tano ya ile ya fulu fremu. Katika ukumbi ule ule, usiku ule ule, kamera ya bei ndogo inatoa picha safi zaidi.

Hili nililijua kwa maumivu. Nilipoanza nilikuwa na kropu na lenzi yake ya boksini. Kwenye send-off moja nilimpata mama wa binti akimshika mwanawe mashavu, machozi yanamtoka, na taa zimezimwa nusu. Familia ikataka picha ile ikuzwe iwekwe sebuleni. Niliichapa, chenga zikajaa usoni pa mama, nikalazimika kuwapa ya ukubwa wa A4 na kuwaomba radhi. Nilichonunua baada ya pale kilikuwa lenzi ya 50 ya f/1.8, na bodi ikabaki ile ile. Miezi michache baadaye nilirudi ukumbi ule ule na kropu ile ile, na picha zikatoka safi.

Fulu fremu ilikuja baadaye, na ilichoniongezea ni uhuru: natembea na zumu ya f/2.8 bila kubadilisha lenzi kila dakika, na kanisani sihitaji flashi wakati wa viapo. Kwa anayefanya kazi peke yake, bila msaidizi wa kushika lenzi ya pili, uhuru huo ni mkubwa.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Ukipiga kundi la ndugu waliosimama safu tatu, unataka wa mbele na wa nyuma wote waonekane vizuri. Kropu inaweza kufanya hivyo kwa f/3.5 na ISO 2500. Fulu fremu, ili ipate kina kile kile, lazima ibane tundu hadi f/5.6, na ISO inapanda hadi 6400. Chenga zinakuwa sawa. Faida ya sensa kubwa usiku inaonekana ukipiga mtu mmoja au wawili kwa tundu lililo wazi. Kwenye picha ya ukoo mzima inayeyuka.

Jua la mchana

Mkoa wetu una jua kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mvua zinakuja kati ya Desemba na Aprili, na hata hizo zina siku zake. Nje, saa sita mchana, kwenye ISO 100 na f/8 unapiga kwa kasi ya 1/400 bila wasiwasi. Nilipowahi kupiga ngoma ya muheme Chamwino, wanawake wamebana ngoma mapajani na vumbi linaruka kutoka miguuni pa wachezaji, kamera zote mbili zilikuwa begani. Nilipozifungua picha kwenye kompyuta, ilinibidi nisome maelezo ya faili ndipo nijue ipi imetoka wapi.

Kuna hali moja tu ya mchana ambapo fulu fremu inasogea mbele: mwanga mkali na kivuli kizito ndani ya picha moja. Fikiria bwana harusi mwenye ngozi nyeusi amesimama chini ya mbuyu, bibi harusi kando yake amevaa gauni jeupe linalopigwa na jua. Ukiilinda nguo isiungue, uso wa bwana unazama gizani, na baadaye unataka kuuinua kwenye programu ya kuhariri. Faili ghafi (RAW) la fulu fremu linavumilia kuinuliwa zaidi kabla chenga hazijatokeza. La kropu nalo linavumilia, ila mapema kidogo litakuambia basi. Kiakisi cha mwanga cha bei nafuu, au kusogeza watu wote kivulini, kinamaliza tatizo hilo kwa kamera yoyote, na mimi huanza na hapo.

Mbali na karibu

Kwa umbali, kropu inasaidia. Lenzi ya milimita 400 ikivaliwa kwenye R50 inakupa picha kama ya 640. Kwenye Uwanja wa Jamhuri, Dodoma Jiji wakicheza alasiri na wewe uko nyuma ya bango, hiyo ni tofauti ya kumwona mfungaji na kuona nusu ya uwanja. Ndege wa Hombolo na wa kule Bahi, vivyo hivyo. Mwenye fulu fremu anaweza kukata picha yake ifanane, lakini akikata hivyo megapikseli 24 zinabaki kama 9. Hizo zinatosha kuchapa inchi 12 kwa 8 vizuri. Hazitoshi ukitaka kukata tena.

Kwa upana, mambo yanageuka. Ukiwa sebuleni siku ya mahari, wazee wamekaa kuta zote nne na wewe umebanwa mlangoni, lenzi ya milimita 16 kwenye fulu fremu inameza chumba kizima. Lenzi hiyo hiyo kwenye kropu inakuwa kama 26, na wazee wawili wa pembeni wanakatika. Nilibanwa hivyo hivyo Kolo, kaskazini mwa Kondoa mjini, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006: mwamba umeinama juu yako na nyuma hakuna pa kurudi. Mwenye kropu hajakosa dawa. Ipo lenzi ya 10 hadi 18 iliyotengenezwa kwa ajili ya sensa ndogo, yenye gramu 150 tu. Ila ni ya kununua zaidi, na tundu lake ni dogo, kwa hiyo ndani ya pango au chumba chenye giza utahitaji stendi.

Kilicho nyuma kufifia

Wateja wanapenda picha ambayo mtu anaonekana na nyuma yake pamefifia, hata kama nyuma hapo ni maegesho ya bodaboda. Kwa upana ule ule wa picha na tundu lile lile, fulu fremu inafifisha zaidi. Kropu ya Canon kwenye f/1.8 inafifisha kama fulu fremu kwenye f/2.8 na ushee.

Hata hivyo kropu ina bahati yake. Lenzi ya 50 ya f/1.8, ndogo na ya bei ya chini kuliko karibu zote, ikivaliwa kwenye kropu inaona kama 80, upana mzuri kabisa kwa picha za uso. Inakuwa lenzi ya picha za watu kwa gramu 160. Mwenye fulu fremu akitaka upana huo anakwenda kwenye 85 ya f/2, ambayo ina gramu 500 na bei yake iko juu zaidi. Atapata kufifia kuzuri zaidi, lakini atakuwa amelipia. Na f/1.8 kwenye fulu fremu ukiwa karibu inahitaji mkono uliotulia: jicho linaonekana, sikio limeshapotea, na mteja anauliza kwa nini picha haijakaa sawa.

Mzigo, vumbi na pesa yote

Bodi zenyewe hazipishani sana siku hizi. R50 ikiwa na betri na kadi ina gramu 375, R8 gramu 461. Uzito unakuja na lenzi. Zumu ndogo ya kropu ya 55 hadi 210 ina gramu 270, na inaona kama 88 hadi 336. Kwa fulu fremu, inayokaribiana nayo ni ya 100 hadi 400, gramu 635, ingawa haki isemwe, hiyo inapokea mwanga zaidi na kufika mbali zaidi. Ukisafiri kwa bodaboda kwenda vijiji vya Kongwa au Mpwapwa, begi la kropu linakaa mgongoni bila kulalamika. Mabega yako yatakuambia tofauti siku ya pili.

Vumbi halichagui. Miezi ya kiangazi upepo wetu unaingia popote, na kamera zisizo na kioo ndani (mirrorless, kama hizi R50 na R8) huacha sensa karibu na mdomo, kwa hiyo kila ukibadilisha lenzi nje unaalika madoa yatakayoonekana angani ukipiga kwa f/11 au f/16. Badilisha lenzi ndani ya gari au ndani ya begi, mdomo wa kamera ukiangalia chini, na uwe na kipulizio cha mpira. Kwa watu wa Dodoma hii ni sababu nzuri ya kupenda zumu moja inayokaa kwenye bodi kutwa nzima, na fulu fremu yenye zumu ya f/2.8 ndiyo inayovumilia mtindo huo hadi usiku.

Kuhusu bei, R50 iliingia sokoni Marekani kwa takriban dola 680, bodi tupu, na R8 kwa dola 1,499. Bei za Kariakoo na za hapa mjini zinapanda na kushuka, kwa hiyo shika uwiano: zaidi ya mara mbili. Tofauti hiyo inatosha lenzi nzuri ya tundu pana, flashi, betri ya akiba na kadi mbili. Ukubwa wa faili usiogope kwa sababu ya sensa. Megapikseli 24 ni 24 popote zilipo. Mafaili yanakuwa mazito ukienda kwenye bodi za megapikseli 45, na hapo kompyuta yako ya zamani italalamika.

Njia ya katikati ni fulu fremu za kioo (DSLR) zilizotumika: Canon 6D na 5D Mark III za mwaka 2012, au Nikon D750 ya 2014. Usiku bado zinafanya kazi ya heshima. Kabla ya kulipa, uliza shata imefyatuka mara ngapi. Shata ya 6D ilikadiriwa kudumu mara 100,000, na za hizo mbili nyingine 150,000. Angalia pia lenzi unazouziwa. Mimi niliwahi kuuziwa lenzi ya EF-S nikaambiwa itavaa 5D, nikafika nyumbani nikakuta haiingii kabisa, kwa sababu EF-S ni za kropu. Kwa Nikon, lenzi ya DX, yaani ya kropu, itaingia kwenye fulu fremu lakini kamera itakata picha, na D750 yako ya megapikseli 24 itabaki na 10 hivi. Kwa hiyo kama unaanza na kropu huku ukipanga kuhama baadaye, nunua lenzi za fulu fremu tangu mwanzo, isipokuwa zile za upana.

Nani achukue nini

Kama riziki yako ni sherehe za usiku na ibada za jioni, na fedha yako inatosha bodi pamoja na lenzi ya f/2.8 au zaidi, chukua fulu fremu. Kama inatosha bodi peke yake, chukua kropu na lenzi mbili za f/1.8, ya 35 na ya 50, kisha hamia baada ya msimu mmoja au miwili wa harusi.

Kama kazi yako ni mahafali ya mchana viwanja vya Chimwaga, shughuli za wizara kule Mtumba, picha za bidhaa kwa wafanyabiashara wa Majengo, au mitandao ya taasisi, kropu inakutosha, na fedha iliyobaki ipeleke kwenye flashi na kipaza sauti. Mpira na ndege, kropu tena, ukiweka akiba ya lenzi ndefu. Majengo, vyumba vya hoteli na nyumba za kuuza vinakwenda vizuri zaidi na fulu fremu, ingawa kropu yenye lenzi ya upana na stendi itafanya kazi hiyo bila aibu.

Unayepiga kwa mapenzi tu, watoto wako, safari za treni kwenda Dar, milima ya Kondoa siku za mapumziko, chukua ile ambayo hutaona uvivu kuibeba. Kwa wengi ninaowajua ni kropu. Kwa wachache wanaopenda usiku, nyota na taa za mji, ni fulu fremu, na wanajua kwa nini.

Na ukiwa bado umegawanyika kama yule kijana wa Mpunguzi, azima. Wapiga picha wa mji huu tunaazimana, ukija kwa adabu na kitambulisho. Ingia nazo zote mbili kwenye ukumbi halisi saa mbili usiku, kila moja na lenzi ambayo kweli ungeimudu, siyo lenzi ya ndoto. Piga uso wa mtu mmoja kwa upana ule ule na kasi ya 1/125. Kesho yake chapa picha zote mbili kwa ukubwa unaowauzia wateja wako, uzitazame ukiwa umesimama umbali ambao mtu husimama sebuleni kwake. Kijana alifanya hivyo Jumamosi iliyopita. Amechukua kropu na lenzi ya 35, na ameniambia nimwekee 6D yangu mpaka zabibu za msimu ujao.